Paswedi ya 1111 ilivyowafungulia wadukuzi pampu za maji Marekani

Jumamosi ya Novemba 25, 2023, Wamarekani wengi walikuwa bado kwenye mapumziko ya sikukuu ya Shukrani. Katika mji mdogo wa Aliquippa, jimbo la Pennsylvania, kengele ya tahadhari ikalia kwenye mamlaka ya maji. Kituo kimoja cha kusukuma maji kilikuwa na tatizo.

Mafundi walipofika walikuta skrini ya mtambo imebadilika. Ilikuwa na ujumbe wa kundi linalojiita CyberAv3ngers, uliosema kwamba kifaa chochote kilichotengenezwa Israel ni halali yao kukishambulia. Mtambo ukazimwa, pampu zikaanza kuendeshwa kwa mkono, na maji yakaendelea kutoka bombani.

Kilichodukuliwa ni nini hasa? Ni kompyuta ndogo ya viwandani ambayo mafundi huiita PLC. Kazi yake ni ya kawaida tu: inasoma presha ya maji kwenye bomba, ikishuka inawasha pampu, ikipanda inazima. Ile ya Aliquippa ilitengenezwa na kampuni ya Unitronics ya Israel. Aina hiyo hiyo ya vifaa iko kwenye viwanda vya vyakula, mitambo ya nishati na hata hospitali.

Sasa hapa ndipo mambo yanaposhangaza. Hakukuwa na udukuzi wa kwenye filamu, kijana ana kofia usoni anachapa kodi usiku kucha. Vifaa hivi vilitoka kiwandani vyote vikiwa na paswedi moja: 1111. Wanunuzi wengi hawakuibadilisha. Halafu vikaunganishwa moja kwa moja na intaneti, ili fundi aweze kuangalia pampu akiwa mbali. Mdukuzi alichohitaji ni kutafuta vifaa vilivyo wazi mtandaoni, kisha abonyeze moja mara nne.

Udhaifu huo ulipewa namba rasmi, CVE-2023-6448, na alama 9.8 kati ya 10 kwa hatari. Ulikuwa ndani ya VisiLogic, programu ambayo mafundi huitumia kuzipangia kazi PLC hizo. Desemba 2023 Unitronics ikatoa toleo la 9.9.00, linalomlazimisha mtumiaji kubadili paswedi. Yaani dawa ilikuwa rahisi kiasi hicho, na ilikuja baada ya mgonjwa kulazwa.

Aliquippa haikuwa peke yake. Siku chache baadaye, eneo la Erris, kaunti ya Mayo nchini Ireland, zaidi ya kaya 150 zilikaa siku mbili bila maji. Mtambo wao ulikuwa wa kampuni hiyo hiyo. Watu wa kijijini Ireland, wasiohusika kabisa na ugomvi wa Iran na Israel, walijikuta wanabeba ndoo. Baadaye mamlaka za Marekani zilisema vifaa visivyopungua 75 vilidukuliwa kati ya Novemba 2023 na Januari 2024, na angalau 34 kati yake vilikuwa kwenye mifumo ya maji ya Marekani.

Marekani inasema kundi hilo liko chini ya Jeshi la Walinzi wa Mapinduzi la Iran. Februari 2, 2024 iliwawekea vikwazo maofisa sita wa kitengo cha mtandao cha jeshi hilo. Baadaye ikatangaza zawadi ya hadi dola milioni 10 kwa atakayetoa taarifa. Sawa, lakini kumsaka mwizi ni jambo moja, mlango uliokuwa wazi ni jambo lingine.

Na mlango huo ulijulikana mapema. Machi 2023, shirika la mazingira la Marekani, EPA, liliyataka majimbo yaanze kukagua usalama wa mtandao yanapokagua mifumo ya maji. Majimbo ya Missouri, Arkansas na Iowa yakaenda mahakamani, yakiungwa mkono na vyama vya watoa huduma ya maji. Hoja yao: EPA imevuka mamlaka yake, na gharama zitawaangukia wateja wa miji midogo. Oktoba 2023 EPA ikaufuta mpango huo. Mwezi uliofuata, Aliquippa ikadukuliwa.

Hoja ya gharama si ya kupuuza. Marekani ina mifumo ya maji ya umma karibu 150,000, na mingi ni midogo sana. Fundi anayetengeneza bomba ndiye huyo huyo anayesoma mita, na hakuna mtu wa kompyuta. Ila kubadili paswedi hakuna bei, na kuitoa pampu kwenye intaneti ya wazi hakuhitaji bajeti ya serikali. Mei 2024 EPA ilisema zaidi ya asilimia 70 ya mifumo iliyoikagua tangu Septemba 2023 haikutimiza matakwa ya sheria ya maji salama, na baadhi ilikutwa bado inatumia paswedi za kiwandani. Hiyo ni miezi kadhaa baada ya Aliquippa kuandikwa kila mahali.

Ndiyo maana lawama zimeanza kuhamia kwa watengenezaji. Desemba 2023, shirika la usalama wa mtandao la Marekani, CISA, liliwataka waache kabisa kuuza vifaa vyenye paswedi moja kwa wote. Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Kuanzia Aprili 29, 2024, ni kosa kisheria kuuza kamera, ruta au runinga janja yenye paswedi rahisi ya kiwandani.

Lakini sheria hiyo ya Uingereza inahusu vifaa vya nyumbani. Kamera ya mlangoni imebanwa, mtambo wa kusukuma maji ya mji mzima haumo. Na toleo jipya la VisiLogic halijipakii lenyewe kwenye PLC iliyofungwa miaka mingi iliyopita. Lazima fundi afike pale na kompyuta yake.