Ndege Inayokimbia Juu ya Maji

Wengine kati yenu waliona katika miaka ya 2000 ndege zikishuka juu ya barabara kule Kilambo, Walikale, kufuata mawe ya Bisie. Barabara iligeuka kiwanja. Sasa, mto nao unaweza kuwa kiwanja?

Mfaransa mmoja, Jacques Schneider, aliamini hivyo. Mwaka 1912 alitoa kombe la mashindano ya mbio za ndege za maji. Wazo lake: viwanja ni vichache, lakini maji yako karibu kila pahali. Mbio za kwanza zilikuwa Monaco mwaka 1913, za mwisho Uingereza mwaka 1931, na mshindi wa mwisho alipita kilometa 540 kwa saa. Mafundi walichora ndege za ajabu, na michoro mingine haikutoka kwenye karatasi hata siku moja. Kwenye karatasi maji ni laini kama meza.

Mto Dungu si meza. Tarehe 14 Machi 1939 ndege kubwa ya maji ya Waingereza, jina lake Corsair, ilitoka Port Bell, Uganda, kwenda Juba. Ikapotea njia, mafuta yakakaribia kuisha, rubani akaishusha mtoni karibu na Faradje, huku kwetu Kongo, upande wa Uele. Jiwe likapasua tumbo la ndege, lakini watu wote walitoka wazima.

Tumbo lilitengenezwa. Shida kubwa ilikuwa kuruka. Ndege ya maji ni lazima ikimbie mbali ndipo iinuke, sababu maji yanaishika na kuivuta. Kushuka kunataka maji kidogo. Kupanda kunataka mengi, yenye kina, yaliyonyooka. Mwezi wa saba wakajaribu, ikagonga jiwe tena! Matengenezo yakaanza upya.

Ninyi wachimbaji mnajua kazi ya kuziba maji, hapana mchezo. Ndivyo walivyofanya: wakauziba Dungu, maji yakapanda, yakafunika mawe. Kambi ya kazi hiyo ikaitwa Corsairville. Jasho lote lile kwa ndege moja! Mimi naona bei ilikuwa kali, ingawa vita ilikwisha kuanza na ndege zilitafutwa sana.

Tarehe 6 Januari 1940 Corsair ikakimbia juu ya yale maji yaliyozibwa, ikaruka. Ilikuwa imekaa Faradje karibu miezi kumi.