Goli la Overmars VAR ingelipitisha, Wenger akalikataa

Kila wikiendi naisikia hoja ileile: VAR ikikamilika, soka litakuwa la haki. Sikubali, na ushahidi wangu ni goli moja la Arsenal.

Februari 13, 1999, Highbury, Kombe la FA. Arsenal na Sheffield United wako 1-1. Lee Morris wa Sheffield kaumia, kipa wao Alan Kelly akautoa mpira nje makusudi ili mwenzake atibiwe. Ray Parlour akaurusha kuurudisha kwa Kelly, kiungwana kabisa. Nwankwo Kanu, ndiyo kwanza anaichezea Arsenal mechi yake ya kwanza, akaukimbilia, akapiga krosi, Marc Overmars akaweka wavuni. 2-1! Kocha wa Sheffield, Steve Bruce, akataka kuwatoa vijana wake uwanjani.

Sasa lichunguze goli lile. Mpira wa kurusha hauna kuotea. Hakuna faulo, hakuna mkono. Mwamuzi Peter Jones hakuwa na sheria ya kulikatalia. Leo hii waweke VAR na mistari yao yote, nao watalipitisha.

Aliyelikataa ni Arsene Wenger, tena timu yake ndiyo imeshinda. Baada ya filimbi ya mwisho akasema mechi irudiwe, FA wakakubali. Siku kumi baadaye, palepale Highbury, Arsenal wakashinda tena 2-1, na Overmars akafunga tena. Lakini wangeweza kutolewa, na Wenger alilijua hilo alipofungua mdomo.

Sisemi teknolojia haina kazi. Oktoba 17, 2009, shuti la Darren Bent wa Sunderland liligonga mpira mwekundu wa kuchezea ufukweni uliotupwa na shabiki wa Liverpool (ndiyo, wa Liverpool wenyewe), likampita Pepe Reina. Sheria ilitaka mchezo usimamishwe. Mwamuzi Mike Jones akaweka kati, mechi ikaisha 1-0, na wiki iliyofuata akapelekwa kuchezesha Championship. Pale VAR ingewaokoa Liverpool.

Ila kuna mambo kamera haiyafikii. Paolo Di Canio alifungiwa mechi 11 mwaka 1998 kwa kumsukuma mwamuzi Paul Alcock. Mtu huyohuyo, Desemba 2000 akiwa West Ham, ugenini kwa Everton, 1-1, dakika za lala salama, krosi inamjia na kipa Paul Gerrard yuko chini anaugulia. Akaudaka mpira kwa mikono. FIFA wakampa tuzo ya uungwana.

Anayesema hayo ni ya kale, aitazame Leeds na Aston Villa, Aprili 28, 2019. Jonathan Kodjia wa Villa yuko chini, wenzake wanadhani mpira utatolewa nje, Leeds wakaendelea na Mateusz Klich akafunga. Ngumi nusura zipigwe. Marcelo Bielsa akawaamuru vijana wake wawaachie Villa wasawazishe. Albert Adomah akaenda na mpira hadi wavuni, beki Pontus Jansson peke yake akihangaika kumzuia. Leeds hawakuwa malaika siku ile: Patrick Bamford alijifanya kapigwa, akamponza mpinzani kwa kadi nyekundu, na baadaye akafungiwa mechi mbili.

Matokeo ya 1-1 yakawahakikishia Sheffield United kupanda Ligi Kuu. Ndiyo, walewale wa Highbury. Leeds wakaenda mechi za mchujo, wakatolewa na Derby County, wakabaki Championship.

Kijiweni wapo wanaosema Jansson ndiye aliyekuwa na akili pale uwanjani. Sawa. Nitawauliza tena siku timu yao ikifungwa goli kama la Overmars.