Goma: Soli inabanduka, lawama zinamwangukia kordonye

Kiatu cheusi cha ngozi kilichonunuliwa Birere ao soko la Virunga kinangaa siku ya arusi. Mvua mbili tatu, soli inabanduka. Mwenye kiatu anakimbilia kwa kordonye, na ikibanduka tena, anamwita mwizi.

Mara nyingi kordonye hana kosa. Viatu vingi vya bei ndogo vimeshikwa kwa gundi tu. Soli ya poliuretani inaharibiwa na unyevu hata ikikaa kwenye karto bila kuvaliwa. Ikizeeka inavunjikavunjika kama mkate mukavu, na hapo hakuna gundi itakayoshika. Ile inayoitwa ngozi nayo pengine ni mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kugandishwa kwa plastiki. Sindano ikipita, inapasuka. Tena tunatembea juu ya mawe ya Nyiragongo!

Kiatu kilichoshonwa kweli kinaweza kubadilishiwa soli, lakini ni bei. Na uzi unaoonekana pembeni wakati mwingine ni wa urembo tu.

OCC, iliyoundwa mwaka 1974, ina kazi ya kupima ubora wa bidhaa zinazoingia inchini. Lakini viatu vinavyopita Petite Barrière ndani ya kifurushi cha mama muchuuzi, nani atavikunja soli? Kumusumbua yule mama si dawa. Pa kupima ni kwenye mizigo ya wauzaji wa jumla, kabla haijagawanywa.

Na faktire? Wauzaji wengi hawatoi, kwa hiyo kiatu kikiharibika, hakuna pa kukirudisha isipokuwa kwa kordonye yuleyule.