Hesabu za Shule ni za Nani?

Mwezi wa Desemba 2022 Serikali ilianza kuwagawia walimu vishikwambi karibu laki tatu, vikiwamo vile vilivyotumiwa na makarani wa Sensa ya mwezi wa Agosti mwaka ule. Tulilipokea jambo lile kwa furaha, wala hatujaona sababu ya kujuta. Walakini chombo si kazi. Kishikwambi mkononi mwa mwalimu hakina faida isipokuwa kimwambie jambo ambalo bila ya hicho asingelijua, au kimwondolee mzigo ambao bila ya hicho angeubeba.

Na mzigo upo. Mwalimu wa darasa huandika azimio la kazi, andalio la somo, shajara ya somo, daftari la mahudhurio na maendeleo ya kila mtoto. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 watoto wamemiminika madarasani, na wako walimu wanaosimama mbele ya watoto mia na zaidi katika chumba kimoja. Takwimu anazozikusanya humfikia mwalimu mkuu, zikaenda kwa Afisa Elimu Kata, zikaingia Halmashauri, zikafika Dodoma. Hupanda kama moshi. Ni mara chache mno zirudi chini kumwambia aliyeziandika kwamba watoto kumi na wawili wa darasa lake hukosa shule kila siku ya gulio, au kwamba nusu ya darasa hawajui kutoa hesabu zinazohitaji kuchukua kumi kwa jirani.

Sisi tuliolelewa katika shule za misheni tulisimuliwa habari za mfalme Daudi, aliyewahesabu watu wake, tauni ikawashukia. Utotoni hatukuelewa kosa lilikuwa nini. Ukubwani twadhani kosa huwa katika nia ya mwenye kuhesabu.

Historia yetu wenyewe ina ushahidi. Mwaka 2013, katika mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule za msingi zilipangwa kwa kufaulu kwao katika mtihani wa darasa la saba, zikapewa rangi ya kijani, njano au nyekundu, na kila mtu akaona shule yake ni ya ngapi wilayani. Wachumi Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin waliichunguza habari hiyo. Waliona kwamba shule za mkiani zilipandisha ufaulu kweli. Lakini waliona pia kwamba katika shule hizo idadi ya watoto waliokaa mtihani ilipungua. Msomaji na ajiulize ni watoto gani waliotoweka. Hawakuwa wale wenye akili nyepesi! Mwalimu aliyetishwa kwa tarakimu hujifunza kuitengeneza tarakimu. Kwa sababu hiyo tuliliunga mkono Baraza la Mitihani lilipoacha, Januari 2023, desturi ya kutangaza shule kumi bora.

Jirani zetu wa Kenya wametuonyesha njia mbili, na zote mbili zafaa kutazamwa. Ya kwanza ni ahadi ya mwaka 2013 ya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza. Vyombo vilianza kufika mwaka 2016, hata vikapita milioni moja, na vingine vikaishia kufungiwa kabatini kwa hofu ya wezi. Ya pili ni mpango wa Tusome, ulioenea nchi nzima tangu 2015. Kila mtoto alipewa kitabu chake, na mwalimu akapewa mwongozo. Afisa wa mtaala alikuja na kishikwambi, akaketi nyuma ya darasa akifuatilia somo, kisha akawaita watoto watatu wamsomee. Alipomaliza, aliketi na mwalimu, wakazungumza juu ya yale aliyoyaona siku ile ile. Tarakimu zilikwenda pia makao makuu, lakini mwalimu alikuwa wa kwanza kuzisikia. Twakubali kwamba mpango ule uliegemea fedha za USAID, shirika la Marekani lililofungwa mwaka 2025, na nchi inayojitegemea haiwezi kujenga usomaji wa watoto wake juu ya mfuko wa mwingine. Lakini kuketi na mwalimu robo saa hakuhitaji mfadhili.

Sisi pia tuna hazina iliyolala. Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, zikieleza wapi watoto walipotea na kwa nini. Ni kazi njema, ila huja baada ya mtoto kuondoka shuleni. Kishikwambi chaweza kufanya uchambuzi wa namna hiyo kwa jaribio la mwisho wa mwezi, wakati mtoto bado yumo darasani na kosa laweza kurekebishwa. Kadhalika, anayejua nani yuko katika silabi, nani katika neno na nani anasoma hadithi, aweza kuwagawa watoto wake mia katika makundi asubuhi moja.

Kwa hayo yote twaweka masharti mawili. Kinachoandikwa katika kishikwambi kisiandikwe tena katika daftari. Mwalimu asifanywe karani mara mbili. Na Chama cha Walimu kishirikishwe katika kuamua kwamba matokeo ya darasa hayatatumiwa kumhamisha wala kumwadhibu mtu. Pasipo hivyo tutapata tarakimu za uongo.

Wanachama wenzetu waliomo katika kamati za shule hawana haja ya kungoja waraka. Katika kikao kijacho wamwulize mwalimu mkuu, kwa heshima, darasa la tatu lina watoto wangapi wasioweza kusoma aya moja, na kishikwambi kiko wapi. Ikiwa kimefungiwa ofisini kwa kukosa umeme au fedha za intaneti, diwani apelekewe habari hiyo kabla Halmashauri haijapitisha bajeti yake.