Karanga safi na mbovu zisiuzwe bei moja

KWA miaka mingi mkulima wa karanga amekuwa akihimizwa kuachana na mbegu za kienyeji na kupanda mbegu bora zinazohimili magonjwa. Ushauri huo ni sahihi, lakini hautazaa matunda iwapo karanga safi na zenye ukungu zitaendelea kununuliwa kwa bei moja.

Watafiti wametimiza wajibu wao. Ugonjwa wa rozeti, unaoenezwa na vidukari na kudumaza mche, uliripotiwa kwa mara ya kwanza Tanganyika mwaka 1907. Leo zipo mbegu zinazouhimili. Kituo cha utafiti cha Naliendele mkoani Mtwara, kilichotoa aina ya Pendo mwaka 1998, kilitoa nyingine mwaka 2009, zikiwamo Masasi, Nachingwea, Mangaka na Mnanje. Uwezo wake wa kuhimili rozeti unatofautiana, hivyo ni vema mkulima amwulize bwana shamba kabla ya kununua.

Kikwazo cha kwanza ni gharama. Ekari moja ya mahindi hutosha kilo 8 hadi 10 za mbegu, wakati ya karanga huhitaji kilo 30 hadi 40. Kampuni za mbegu nazo hazivutiwi sana, kwani mkulima akinunua mara moja huweza kujiwekea mbegu yake. Ndiyo maana vikundi vya wakulima vinavyozalisha mbegu vijijini chini ya ukaguzi wa TOSCI vinastahili kuungwa mkono.

Kikwazo cha pili ni kikubwa zaidi, nacho ni sumukuvu. Mbegu bora peke yake haiizuii. Kuvu hushambulia karanga ukame unapobana mwishoni mwa msimu, maganda yanapokatwa na jembe, au zinapochelewa kukauka. Baya zaidi, wapo wanaomwagia maganda maji ili yabanguke upesi na uzito uongezeke. Sumu hiyo haionekani kwa macho wala haiishi kwa kukaanga. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ingawa safari hiyo iliyoshukiwa zaidi ni mahindi.

Kwa karanga za kuliwa moja kwa moja, Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya mikrogramu 4 za sumu hiyo kwa kilo. Kikomo cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10.

Sasa mkulima apige hesabu. Aliyeanika kwenye turubai na kuchambua mbovu hufika sokoni na kilo chache. Jirani yake aliyemwaga maji hufika na nyingi. Bei ikiwa moja, aliyefanya vizuri ndiye anayekula hasara, na msimu ujao hatahangaika tena.

Dawa iko mikononi mwa wanunuzi, vyama vya ushirika na halmashauri. Karanga zipangiwe madaraja, zipimwe unyevu kabla ya mizani, na kilichokauka na kuchambuliwa kilipwe zaidi. Halmashauri zinazotoza ushuru wa mazao zitenge sehemu yake kununua vipima unyevu vya magulio, na mashine za kubangulia kwa ajili ya vikundi, ili maji yasihitajike.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kwa karanga, hakitajiuza mpaka kiwe na bei yake.