Ukuta wa Kioo Unaotazama Magharibi

Oktoba, saa nane mchana, umeme ulikatika nikiwa ghorofa ya tatu ya jengo jipya mjini Shinyanga. Sitalitaja. Viyoyozi kimya, madirisha hayafunguki. Baada ya dakika kumi wateja na maofisa tulikuwa nje, chini ya mwarobaini.

"Ndiyo maendeleo, dada," mhandisi mmoja akanitania.

Maendeleo gani? Mtu mwenye shahada ameelekeza ukuta wa kioo kwenye jua la jioni, kisha akanunua mashine za kupambana na kosa lake. Ukimweleza habari za hewa ya ukaa, anaweka sola juu ya paa. Kosa ni lilelile, ila sasa lina sola. Na Geita, fedha za dhahabu zikiingia mjini, wanaiga vioo hivyohivyo.

Harare kuna Eastgate ya msanifu Mick Pearce, iliyofunguliwa 1996: maduka na ofisi, bila viyoyozi vya kawaida. Kuta nene, madirisha yenye kivuli, ubaridi wa usiku unahifadhiwa ndani ya zege, hewa ya moto inatokea juu kwenye dohani. Wazo alilitoa kwenye vichuguu. Vichuguu! Bibi yangu alichimba udongo wake kukandikia nyumba.

Umeme ulirudi saa kumi na moja. Ofisi ilikuwa imeshafungwa.