Pumzi ya Nyumbani Isiachiwe Bahati

Hapana shaka kwamba janga la Korona la 2020 lilimfunza kila Mkenya thamani ya mashine ya kupumulia. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta hata walijitosa kuiunda wenyewe. Janga lilipopoa, mjadala nao ukapoa. Hata hivyo, wapo wenzetu wanaoihitaji maisha yao yote, tena nyumbani.

Hawa ni watu ambao misuli yao ya kupumua imelegea kwa maradhi ya kurithi, kwa polio au kwa kuumia uti wa mgongo. Aghalabu mapafu yao ni mazima. Kilichopungua ni nguvu ya kuyapanua. Ndiyo maana ni hatari kumpa mtu wa namna hii oksijeni pekee na kudhani tumemaliza. Oksijeni huingia, lakini kabonidayoksaidi huweza kurundikana damuni hata akapoteza fahamu.

Anachohitaji ni mashine ya kumsukumia hewa. Aweza kuipokea kwa barakoa, akaivaa usiku na kuivua asubuhi aende shuleni. Aweza pia kuipokea kwa mrija uliopitishwa katika tundu la kooni, hasa ikiwa hawezi kukaa bila msaada huo au ameshindwa kumeza na kukohoa. Barakoa haihitaji upasuaji. Mrija ni imara zaidi, lakini wataka mtu wa kufyonza makohozi mchana na usiku.

Nionavyo mimi, uchaguzi huo si wa daktari peke yake. Mgonjwa na jamaa zake waelezwe mapema, wakiwa na utulivu wa kuuliza maswali, kwa maana uamuzi wa usiku wa manane katika chumba cha dharura huongozwa na hofu.

Walimu nao wana sehemu yao. Mwanafunzi mwenye misuli dhaifu anayeamka na maumivu ya kichwa, kisha akasinzia darasani, huenda hapumui vyema usiku. Kabla ya kumwita mvivu, mwalimu na amwulize alivyolala, na amshauri mzazi ampeleke hospitalini.

Tatizo lingine ni umeme. Huku kwetu Kabianga, mvua ya alasiri huandamana na radi, na giza likatanda. Usiku wa 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima. Kwa mwenye mashine, betri ya akiba na mfuko wa mpira unaobanwa kwa mkono ndio uhai wenyewe. Mwaka 1952, polio ilipoukumba mji wa Copenhagen, mamia ya wanafunzi wa udaktari walibana mifuko ya aina hiyo kwa zamu, wakaokoa wengi. Jirani yeyote aweza kufundishwa kazi hiyo.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya afya. Kifungu cha 54 chawapa walemavu haki ya kupata vifaa vya kuwasaidia. Basi serikali za kaunti za Kericho na Bomet ziandikishe nyumba zenye mashine hizi, zitoe betri na kuwafunza jamaa. Nayo kampuni ya umeme iwape taarifa nyumba hizo kabla ya kukata nguvu kwa ukarabati. Haki ya kupumua haiwezi kungoja umeme urudi.